Mtoto wa wazazi walioachana: kikundi, mshauri au shangazi?

Kila Januari nagawa fomu za taarifa za wanafunzi, na kila Januari kuna mtoto anayebaki darasani wenzake wakishatoka. Anakuja mezani kalamu mkononi. "Mwalimu, hapa kwenye namba ya mzazi niandike ya nani?" Wa kwanza kuniuliza hivyo nilimjibu, "Ya yeyote," nikaendelea kusahihisha madaftari. Akarudi kwenye dawati lake, akakaa mpaka kengele ikalia bila kuandika kitu. Nikadhani hazijui namba. Kumbe zote mbili zilikuwa kichwani. Kilichomshinda ni kuchagua.

Ninafundisha shule ya msingi hapa Morogoro, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mwalimu wa malezi, yaani yule ambaye mtoto akionekana hayuko sawa na ofisi haijui la kufanya, analetwa kwake. Zamani mzazi aliyetengana na mwenzake alikuja na sentensi moja: "Mwalimu, huyu amekuwa mkorofi, mchape." Siku hizi wengi huja na swali lenye maana zaidi. Wamesikia kuna vikundi vya watoto ambao wazazi wao wameachana. Wampeleke huko? Au kwa mwanasaikolojia? Au wampeleke kwa bibi kijijini "akapumzike kidogo"?

Nitazilinganisha njia hizo hapa, moja pembeni ya nyingine. Niseme mapema kwamba nina upande: nimeendesha vikundi na ninavipenda. Kwa hiyo nitaeleza pia vilivyoniharibikia mkononi.

Tazama kwanza anachobeba

Mzazi huniuliza njia ipi ni bora kama anayeuliza mchele upi haushikani. Lakini watoto wawili wa nyumba moja, waliolala chumba kimoja usiku ule ule baba alipoondoka, hawatoki na mzigo mmoja.

Kuna aliyebeba aibu. Uwanjani ameitwa "mtoto wa singo maza", na tangu hapo siku ya wazazi ikikaribia tumbo linamuuma. Kuna aliyebeba hatia. Niliwahi kuwa na binti aliyeamini kuwa ndoa ya wazazi wake ameivunja yeye, kwa sababu ndiye aliyemwambia mama yake kwamba amemwona baba kwenye gari na dada fulani. Mwaka mzima hakumsumbua mtu. Alikuwa tu ameacha kuongea, na sisi walimu tukamsifu kwa utulivu. Kuna aliyebeba siri: kipigo alichokiona, au kilichompata mwenyewe, au jambo baya kuliko kipigo. Na kuna huyu ninayekutana naye kuliko wote, aliyefanywa tarishi. "Mwambie baba yako ada haijaingia." "Mwambie mama yako mimi si benki." Huyu wa mwisho talaka yenyewe ameshaizoea. Kinachomchosha ni ile kazi aliyopewa.

Aibu na hatia hulainika mbele ya watoto wengine wenye hadithi kama hiyo, kwa hiyo hao ni wa kikundi. Siri ya kipigo isiletwe kwenye kikundi. Inataka mtu mzima mmoja na mlango uliofungwa. Tarishi hana ugonjwa wa kutibiwa, na nitarudi kwake baadaye kwa sababu yeye ndiye aliyenibadilisha mawazo. Ukoo nao una kazi ambayo hakuna kikundi wala mshauri anayeiweza: kuwepo saa mbili usiku.

Kikundi cha shuleni

Wazo hili halikuanza jana. Mwaka 1978 Elizabeth McGonagle, ofisa ustawi wa shule huko Ballston Spa katika jimbo la New York, alianza kuwakusanya watoto ambao nyumba zao zimegawanyika. Akaviita vikundi vyake Banana Splits, jina la aiskrimu inayopakuliwa juu ya ndizi iliyopasuliwa katikati. Miaka 5 baadaye, jimboni Illinois, Suzy Yehl Marta, mama aliyeachana na mumewe akiwa na wavulana 3, alianzisha Rainbows, ambako watoto hukaa katika vikundi vidogo kulingana na umri na kuongozwa na watu wa kujitolea waliofundishwa. Na katika mji wa Rochester, jimboni New York, kuanzia 1982, mwanasaikolojia JoAnne Pedro-Carroll na wenzake waliunda vikundi vya shuleni kisha wakafanya ambalo wengi hawalifanyi: wakavipima, kwa kulinganisha watoto walioingia na ambao hawakuingia. Walioingia walipungukiwa na wasiwasi, na wazazi na walimu wao nao waliiona tofauti. Katika ufuatiliaji wa miaka 2 baadaye faida ilikuwa bado ipo.

Nilichokiazima kutoka huko Rochester ni mchezo mmoja tu, wa kutenganisha matatizo ambayo mtoto anaweza kuyafanyia kitu na yale yasiyo yake. Wao hutumia taa nyekundu na ya kijani. Sisi dirisha letu linatazama milima ya Uluguru, kwa hiyo tunasema "mlima" kwa lisilo lake na "jiwe" kwa lile analoweza kulifanyia kitu. Mtoto anataja jambo, wenzake wanaamua. Baba arudi nyumbani? Mlima. Mama aache kulia usiku? Hapa hubishana kidogo, lakini huishia kuwa mlima. Kiatu changu kimoja cha shule kimebaki kwa baba? Jiwe, na papo hapo watatu wanamweleza namna ya kuomba kiletwe bila kuanzisha ugomvi mpya. Nimeona mtoto aliyekaa vikao vitatu bila kufungua mdomo akisema kwa sauti ndogo, "Kumbe mimi nina mlima mmoja tu, mengine yote mawe." Mshauri angeweza kumwambia hilo kwa maneno mazuri zaidi. Asingeweza kumwonyesha wenzake sita wanaotikisa kichwa.

Hiyo ndiyo nguvu ya kikundi, na sijaona kingine kinachoishinda: mtoto anagundua kwamba si yeye peke yake. Hakina gharama kwa mzazi, hakihitaji nauli, na mtoto haonekani amepelekwa "kutibiwa". Amebaki shule kama anayebaki kwaya au mpira.

Sasa ubaya wake, ambao ni mwingi pia.

Siri haikai vizuri shuleni. Katika shule niliyokuwa wakati ule, mtoto mmoja alisimulia kwenye kikundi jinsi baba alivyompiga mama. Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi mama yake akayasikia maneno yale yale sokoni, kwenye meza ya nyanya. Alikuja shuleni hakunigombeza hata kidogo, na afadhali angenigombeza. Alimtoa mtoto kimya kimya. Kosa lilikuwa langu: nilimwingiza kwenye kikundi bila kukaa naye peke yake kwanza, kwa hiyo sikujua alikuwa amebeba nini. Tangu hapo hakuna mtoto anayeingia kabla sijaongea naye mara mbili.

Lingine walimu wenzangu hawapendi nikilisema. Mwalimu anayeshika fimbo asubuhi hawezi kuongoza kikundi hicho jioni. Mtoto ataongea, ndiyo, kwa sababu ameambiwa aongee. Atasema yale anayodhani mwalimu anataka kuyasikia. Mzazi, uliza hilo bila aibu: anayeongoza ni nani, na watoto wanamwogopa? Kama jibu ni kwamba ni mwalimu wa nidhamu, mshukuru na utafute pengine.

Uliza na haya. Watoto ni wangapi? Zaidi ya wanane inageuka darasa. Umri wao unapishana kiasi gani? Wa miaka 7 na wa miaka 13 hawana maongezi ya pamoja kuhusu jambo hili. Mmoja anataka kujua atalala wapi Ijumaa, mwingine amekasirika kwamba mama ana rafiki wa kiume. Kuna tarehe ya kuanza na ya kumaliza? Vikao 10 au 12, mara moja kwa wiki, mlango ukifungwa kwa wapya baada ya wiki ya pili au ya tatu, hivyo ndivyo inavyokwenda vizuri. Kikundi ambacho mtu yeyote anaingia wiki yoyote kinalazimika kuanza upya kuaminiana kila mara. Na mwisho kabisa: kiongozi ameeleza ni mambo gani hatayaweka siri? Anayekuambia "kila kitu ni siri" hajafundishwa. Mtoto akisema anaumizwa, hiyo siri haifichiki.

Kanisani na madrasa

Makanisa kadhaa duniani hutumia programu iitwayo DivorceCare for Kids, iliyoandaliwa Marekani kwa watoto wa miaka 5 hadi 12, yenye vikao 13. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi wazazi nao wana kikundi chao chumba cha pili, saa hiyo hiyo. Wote wanatoka nyumbani pamoja na kurudi pamoja. Ukiacha programu hiyo, viongozi wa shule ya Jumapili wenye moyo wanaweza kufanya jambo kama hilo kwa njia yao wenyewe, na wengine hulifanya vizuri kuliko sisi walimu, kwa sababu wana muda na mtoto hawaoni kama watoa alama.

Shida ni mahubiri. Mtoto anayesikia mimbarini kila wiki kwamba ndoa haivunjwi, kisha anaingizwa chumba cha nyuma kufarijiwa kwa sababu ya wazazi walioivunja, anabaki na hesabu ngumu: wazazi wangu ni wabaya, au Mungu amewakasirikia? Muulize kiongozi swali moja: mtoto akikuuliza kama mama yake ametenda dhambi, unamjibu nini? Hakuna jibu moja sahihi, ila utajua ndani ya dakika moja kama mtu huyu amewahi kulifikiria.

Upande wa Waislamu mambo yamekaa tofauti. Talaka ina njia zake, ina eda, na ulezi wa mtoto baada ya kuachana una jina lake, hadhana. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, mtoto mdogo hukaa kwa mama mpaka afikie umri wa kupambanua, kama miaka 7, kisha hupewa nafasi ya kuchagua. (Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo, kwa njia yake, inachukulia kwamba ni vema mtoto wa chini ya miaka 7 awe na mama yake, hadi itakapoonyeshwa vinginevyo.) Kwa hiyo mtoto wa madrasa hasikii kwamba jambo lililotokea kwao haliwezi kuwepo. Lakini ile nafasi ya kuchagua inaweza kuwa mzigo kuliko talaka yenyewe, ikiwa jamaa wa pande mbili wanaanza kumnunulia baiskeli miezi mitatu kabla. Ustadhi mwenye busara husaidia sana hapo, kwa kuongea na jamaa kuliko na mtoto. Vikundi vya watoto kama nilivyovieleza juu sijaviona madrasa. Nilichokiona ni ustadhi mmoja aliyekuwa anawabakisha watoto watatu baada ya alasiri kufagia ukumbi, na kufagia huko kulikuwa kunachukua saa nzima.

Mshauri wa mmoja kwa mmoja

Hapa sitasema mengi, kwa sababu kanuni ni fupi. Mtoto aliyeanza kukojoa kitandani tena baada ya miaka ya kuacha, asiyekula, anayejikata, anayesema afadhali afe, anayeogopa kwenda kwa mzazi mmoja na hataki kusema kwa nini: huyo si wa kikundi. Anaenda kwa mtu aliyesomea, wiki hii. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo pa kuanzia. Kwa wa Dar es Salaam kuna Muhimbili. Najua kinachowazuia wengi. Ukitamka "akili" na "hospitali" katika sentensi moja, mtu anakuuliza kama mtoto anapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Mwambie mtoto anapelekwa kwa daktari wa mawazo, na usimweleze jirani.

Ukiweka mshauri na kikundi kwenye mizani, mshauri anashinda kwa siri, kwa kina na kwa watoto wadogo sana ambao kikundi kingewapotezea muda. Anashindwa kwa gharama na umbali, na kwa jambo moja ambalo wazazi hawalitarajii: mtoto mwenye aibu, akipelekwa peke yake kwa mtaalamu, huweza kuhitimisha kwamba kweli ana kasoro. "Kaka hajapelekwa, nimepelekwa mimi."

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ni njia ya kati. Haumlipi, ana mamlaka, na mambo ya matunzo na vitisho vya nyumbani anaweza kuyafuatilia mpaka mwisho. Ila kumbuka ana kofia mbili. Kesi ya nani akae na mtoto ikifika mahakamani, ndiye anayeweza kuagizwa kuandika taarifa kuhusu mtoto huyo. Kwa hiyo mtoto anapoongea naye asidanganywe kwamba anaongea na rafiki tu.

Shangazi, mjomba, bibi

Wenye digrii huwa wanaicheka njia hii na wasio na digrii hudhani ndiyo pekee. Wote wanakosea.

Ukoo una kitu ambacho sisi wengine wote hatuna: haufungi ofisi. Kikundi changu kinaisha saa kumi na nusu. Mshauri anampa mtoto dakika hamsini. Usiku mtoto anapoamka na kuuliza baba yuko wapi, aliyepo ni mama mdogo aliyelala kitanda cha pili. Na mtoto aliyekosa nyumba moja anahitaji kuona bado ana watu. Kwa Waluguru, ambao ndio wenyeji wetu hapa, mtoto ni wa ukoo wa mama. Ndoa ikivunjika mjomba yupo pale pale alipokuwa, na nimeona jinsi hilo linavyomtuliza mtoto. Kwingineko, ambako mahari ilishalipwa na watoto wanahesabiwa upande wa baba, mtoto anaweza kuhamishwa nyumba, shule na hata lugha ndani ya wiki moja, kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana sipendi lile neno "akapumzike kwa bibi". Kwa mtoto, wiki ile ile baba ameondoka, na sasa ameondolewa na yeye. Na mara nyingi haambiwi kitu: "mama amesafiri". Mama gani anasafiri miezi minane bila kupiga simu? Watoto huelewa uongo huo mapema kuliko tunavyodhani, wakanyamaza ili wasituumize.

Udhaifu mkubwa wa ukoo ni kwamba una upande. Shangazi ni dada wa baba. Hilo halibadiliki kwa kuwa anapenda watoto. Nina kipimo kimoja, na sijawahi kukiona kikikosea. Muulize ndugu huyo, mbele yako, kuhusu mzazi ambaye si wa upande wake. Mtaje kwa jina. Kama anaweza kujibu bila kubadilika uso, mtoto atakuwa salama kwake. Kama anafyonza, au anasema "yule" badala ya jina, mpelekee mtoto kwa likizo, kwa chakula na kwa kucheza na binamu zake, ila asiwe yeye wa kumfariji kuhusu talaka.

Kiti ambacho wazazi hawakitaki

Yule tarishi. Nilikuwa naye kwenye kikundi kwa wiki kumi. Alichora nyumba mbili, alicheza mlima na jiwe, alicheka, alikuja kila Jumatano. Wiki ya kumi na moja akaja na karatasi mfukoni, maneno ya mama yake ya kumpelekea baba, na mikono inatetemeka kama siku ya kwanza. Nikajiona kama mtu anayekausha sakafu huku bomba limefunguliwa.

Baadaye nikasoma kuhusu kazi ya Sharlene Wolchik, Irwin Sandler na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Walichukua familia 240 zilizotengana zenye mtoto wa miaka 9 hadi 12, wakazigawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza akina mama peke yao waliingia kwenye kikundi cha vikao 11: namna ya kumsikiliza mtoto, kumpa muda wake peke yake, kuwa na nidhamu isiyoyumba, na kumweka mbali na ugomvi wa watu wazima. Katika la pili mama alikuwa na kikundi chake na mtoto cha kwake. La tatu walipewa vitabu wasome nyumbani. Walipowafuata watoto hao miaka 6 baadaye, wakiwa vijana, kati ya wale ambao mama na mtoto wote waliingia vikundini, asilimia 11 ndio waliokuwa wamepata ugonjwa wa akili uliothibitishwa ndani ya mwaka uliotangulia. Kwa wale wa vitabu, asilimia 23.5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002.

Nusu. Lakini kilichonikalia kichwani si hiyo nusu. Ni kwamba kumwongezea mtoto kikundi chake, juu ya kile cha mama, hakukuonekana kuongeza faida kubwa. Mama akibadilika, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kwa mtu aliyetumia Jumatano zake zote na watoto, hiyo ni habari ngumu kumeza.

Haimaanishi vikundi vya watoto ni bure. Vile vya Rochester vilipimwa na vikaonekana vinasaidia. Inamaanisha kwamba kama una jioni moja tu kwa wiki na nauli ya mtu mmoja, na mtoto wako ni tarishi au shahidi wa kila ugomvi, basi nauli hiyo panda wewe. Methali ya fahali wawili na nyasi kila mtu anaijua, na sijakutana bado na mzazi anayedhani yeye ni mmoja wa wale fahali.

Pa kwenda ni pagumu zaidi kupapata, nakiri. Baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo sheria inataka mlipitie kabla ya kufungua shauri la talaka, lipo kwa ajili ya ndoa, na mtoto hatajwi pale ila linapokuja suala la matunzo. Vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa vipo kila mtaa, na nimeona kimoja kilichokubali kutenga nusu saa baada ya hesabu, mara mbili kwa mwezi, kwa wanachama waliotengana na waume zao. Sheria zilikuwa mbili: hakuna kumtukana baba wa mtoto, na kila mmoja aeleze jambo moja alilofanya na mtoto wiki hiyo ambalo halihusiani na fedha. Akina baba, kwenu sina mfano wa kuwapa. Nimeshaalika mara tatu. Alikuja mmoja, akaniuliza kama wengine wamechelewa.

Ukitaka kuchanganya

Unaweza, na mara nyingi ndivyo ninavyoshauri: kikundi cha shule kwa mtoto, mama mdogo kwa usiku, na mzazi mwenyewe akatafute pa kuongelea. Usichanganye kikundi na mshauri kwa wakati mmoja bila wote wawili kujua, maana mtoto atachoka kueleza. Na namba 116 afundishwe kila mtoto mwenye uwezo wa kubonyeza simu, awe kikundini au asiwe. Ni ya bure, ni ya watoto, hapa Tanzania na kwa jirani zetu Kenya pia, na inapokelewa na mtu asiyemjua shangazi wa yeyote.

Usimtumie kiongozi wa kikundi kama shahidi wako. Kila muhula kuna mzazi anayenivizia getini: "Mwalimu, kwani huko huwa anasemaje kuhusu baba yake?" Siku mtoto akijua kwamba maneno yake yanatoka, kikundi kwake kimekufa. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeshasema ya msingi: wazazi wakitengana mtoto anabaki na haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla, na ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine anapotaka, maadamu masomo yake hayavurugiki. Unachokitaka kwa hakimu kiombe kwa hakimu.

Mkishachagua, mwambie mtoto jioni moja kabla, si wiki moja kabla wala si getini. Maneno machache yanatosha: kesho ukitoka darasani utabaki na mwalimu fulani, kuna wenzako ambao wazazi wao pia hawaishi pamoja, si lazima uongee, na mimi sitakuuliza mlisema nini. Kisha usimuulize kweli. Akirudi, mpe chakula.

Ataweza kukuuliza jambo moja, wengi huliuliza wakiwa wameshageukia ukutani kulala: "Na baba anajua?" Uwe umeshampigia.